Mkasi Kabla ya Bomba: Vidokezo vya Kupambana na Kutu na Chulebuni kwa Njia za Kilimohai

Toka Tunduma ushike barabara kuu ya Mbeya, pita Vwawa na Mlowo, kisha uiache lami uingie upande wa Igamba, Iyula au Itaka. Huko ndiko iliko kahawa. Mbozi ni miongoni mwa wilaya zinazobeba sehemu kubwa ya arabika ya Tanzania, na Ileje nayo ina mibuni yake milimani. Na kila mwaka mvua za Novemba zikishika, kilio ni kile kile: majani yanaota unga wa rangi ya chungwa na kupukutika, punje changa zinaingia weusi na kudondoka.

Magonjwa hayo mawili, kutu ya majani na chulebuni, yote huletwa na kuvu. Vidokezo hivi ni kwa mkulima anayetaka kuyakabili kwa njia za kilimohai, ama kwa sababu kikundi chake kimeingia kwenye soko la kilimohai, ama kwa sababu amechoka kununua madawa ambayo faida yake haioni. Ninachokiamini nakisema mapema: ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu msimu huu, nunua mkasi mzuri wa kupogolea.

1. Geuza jani kabla ya kufungua pochi

Kutu hukaa upande wa chini wa jani. Juu utaona doa la manjano lililopauka. Ligeuze jani, na chini yake kuna unga wa rangi ya chungwa unaobaki kidoleni ukiupangusa. Huo unga ni vijimbegu vya kuvu iitwayo Hemileia vastatrix. Chulebuni ni ugonjwa mwingine kabisa, wa kuvu ya Colletotrichum kahawae. Shabaha yake kubwa ni punje za kijani: huanza kidoa cheusi kilichobonyea, kikapanuka mpaka punje nzima inaanguka au inakauka ikiwa imeng'ang'ania tawini.

Kuna mawili yanayowachanganya watu wengi. La kwanza ni masizi meusi juu ya jani, yale yanayofutika kwa kidole. Hayo humea juu ya majimaji matamu yanayotolewa na vidugamba, na mara nyingi utaona sisimizi wakipanda na kushuka shinani kuyafuata. Waondoe wadudu kwa maji ya sabuni na wazuie sisimizi, masizi yatakwisha yenyewe. Kupulizia dawa ya kuvu hapo ni kumwaga fedha. La pili ni madoa ya kahawia yenye kitovu cha kijivu, hasa kwenye miche ya kitaluni iliyochomwa na jua. Nayo ni kuvu, lakini hushambulia zaidi mmea wenye njaa ya naitrojeni. Upe mboji na kivuli kidogo kabla hujafikiria kitu kingine.

2. Ijue saa ya adui

Kuvu hizi zote mbili zinaishi kwa maji. Kijimbegu cha kutu hakioti kwenye jani kavu. Kinahitaji utando wa maji ukae saa kadhaa, na joto la nyuzi 22 hivi, ndipo kiingie kupitia vitundu vya kupumulia vilivyo chini ya jani. Chulebuni hupenda ubaridi na unyevunyevu wa nyanda za juu, na Mbozi tunavyo vyote viwili.

Sasa itazame kalenda yetu. Mkoa wetu wa Songwe una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Maua ya kahawa hufunguka mvua za kwanza zinapougusa mti, na punje huwa dhaifu zaidi mbele ya chulebuni kuanzia wiki ya 4 mpaka ya 14 baada ya maua. Mbuni uliochanua katikati ya Novemba utakuwa na punje zilizo hatarini tangu katikati ya Desemba mpaka wiki ya tatu ya Februari. Hiyo ndiyo miezi ambayo mawingu hayaondoki. Anayeanza kuhangaika Januari amechelewa. Kazi ya kinga ni ya kiangazi.

Kutu nayo ina hila yake. Ikishaingia ndani ya jani hukaa wiki kadhaa kabla unga haujatokeza. Jani lenye unga halitapona kwa dawa yoyote ya kilimohai. Unachoweza ni kuyalinda yaliyobaki. Na hayo yaliyobaki yana thamani kubwa, kwa sababu kahawa huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyoota mwaka uliotangulia. Mti uliopukutisha majani Aprili hii hauna nguvu ya kuotesha tawi la kuzalia mwakani. Ndiyo maana wakulima wengi huona hasara ya kutu mwaka mmoja baada ya kutu yenyewe, wakaitafuta sababu kwingine.

3. Pogoa mpaka upepo upite

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo ningependa ubaki muda mrefu kuliko vidokezo vingine vyote.

Ingia shambani mara tu mavuno yanapokwisha, kabla ya mvua. Anza na matawi makavu na yaliyovunjika. Kisha ondoa yale ya chini yanayogusa ardhi. Kisha yanayorudi ndani kuelekea shina badala ya kutoka nje, na yanayopandana. Mwisho yageukie maotea, vile vichipukizi vinavyosimama wima kutoka shinani na kula chakula bila kuzaa. Maotea hayangoji mkasi: yakiwa laini yang'oe kwa mkono, na uyarudie kila yanapochipua katika msimu wa mvua. Mashina nayo yana hesabu. Mbuni ulioachiwa mashina 5 au 6 ni kichaka. Acha 2 au 3 yaliyo imara na yaliyoachana vizuri.

Utajuaje kwamba umepogoa vya kutosha? Simama upande mmoja wa mbuni, mwenzako asimame upande wa pili. Mkionana katikati ya matawi, upepo nao unapita. Msipoonana, rudi na mkasi. Lengo ni kwamba baada ya mvua ya usiku majani yakauke mapema asubuhi, kijimbegu kikose yale masaa ya maji kinayoyahitaji.

Mibuni mizee iliyorefuka mpaka mnachuma kwa ngazi inastahili kukatwa kisiki. Kata kwa msumeno mkali, sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini, mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame juu yake. Machipukizi mengi yatatokea. Chagua 2 au 3 bora, mengine yaondoe. Najua kinachowazuia wengi: kisiki hakizai mwaka unaofuata, na ada ya shule haingoji. Basi usikate shamba zima. Kata robo mwaka huu, robo mwakani, na baada ya miaka minne shamba lote litakuwa changa huku kipato kikiwa hakijakatika kabisa.

Panga si mkasi. Panga huchana gome na kuacha kidonda kisichofunga. Na ukitoka kwenye mti unaonyauka bila sababu ya ukame, ufute mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa mwingine, kwa maana huo unaweza kuwa mnyauko fusari, ambao hauna tiba.

4. Usiache punje kavu mtini

Chulebuni huvuka kiangazi ikiwa imejificha kwenye punje nyeusi zilizokaukia matawini, na kwenye magome ya vijiti vichanga. Iliyo magomeni huifikii, lakini iliyo kwenye punje iko mkononi mwako. Baada ya uchumaji wa mwisho pita tena mti kwa mti, ukwanyue kila punje iliyobaki, nzima na mbovu. Zitie kwenye mfuko, usizitupe chini ya mbuni. Zichome au zifukie kwenye shimo refu. Watoto wakiwa likizo hii ni kazi wanayoiweza, na malipo yake yanaonekana Januari.

5. Subiri umande ukauke

Chulebuni haiendi mbali kwa upepo. Husambaa kwa matone ya mvua yanayoruka kutoka punje hadi punje, na kwa mikono na nguo zilizolowa. Palizi, kuondoa maotea, hata kupita tu shambani kwenda kisimani, kufanyike majani yakishakauka.

6. Kivuli kiwepo, lakini cha kiasi

Mwaka 1869 kutu ya kahawa ilitambuliwa rasmi kisiwani Ceylon, Sri Lanka ya leo. Wazungu wenye mashamba walikuwa wamefyeka misitu na kupanda kahawa tupu mlima hadi mlima, bila miti ya kuvunja upepo. Vijimbegu vya kutu husafiri kwa upepo, na pale havikukuta kizuizi. Katika miaka ishirini hivi kahawa ya kisiwa ilikwisha, na wenye mashamba wakahamia kwenye chai. Brazili kutu iliingia mwaka 1970, na mwaka 2013 Guatemala ilitangaza hali ya dharura kwa sababu yake. Sisi wa Afrika Mashariki tumeishi nayo muda mrefu zaidi, kwa maana kuvu hii ni mwenyeji wa bara hili.

Miti ya kivuli huvunja upepo. Faida yake ya pili haisemwi sana: mbuni ulio juani tupu hubeba punje kupita uwezo wake, na mti uliochoka kwa kuzaa ndio kutu inaoupenda. Kivuli huupunguzia mzigo. Kikizidi, hata hivyo, majani hayakauki, ukawa umeipa kuvu unyevu inaoutaka. Wastani mzuri ni kivuli cha theluthi moja hivi: mwanga wa jua uwe unacheza chini ya mti, pasiwe giza. Mgrevilea unafaa kwa kuwa majani yake ni mepesi na hupogoleka vizuri. Migomba inafaa pia, mradi uipunguze machipukizi na kuyakata majani makavu. Parachichi, ambalo siku hizi kila mtu analipanda, likue pembezoni mwa shamba. Kivuli chake ni kizito mno kukaa katikati ya mibuni.

7. Lisha mti, utajitetea wenyewe

Sehemu kubwa ya mibuni inayoporomoka kwa kutu ina njaa. Chakula kizuri kiko karibu: maganda mekundu ya kahawa, ambayo ni takriban asilimia 40 ya uzito wa kahawa mbivu uliyoipeleka kwenye mashine ya kumenyea. Vikundi vingi huyaacha yaoze ovyo, au mbaya zaidi, maji yake yakaishia mtoni. Yarudishe shambani yakiwa mboji.

Panga tabaka la maganda, tabaka la samadi ya ng'ombe au mbuzi, tabaka la nyasi kavu au mabua ya mahindi, nyunyiza majivu kidogo, mwagia maji, rudia mpaka rundo lifike usawa wa kiuno au kifua. Lifunike kwa majani ya mgomba. Chomeka kijiti kirefu katikati. Ukikichomoa baada ya siku chache kiwe cha moto mkononi. Rundo likifika nyuzi 55 na kuendelea linaua vimelea vingi, lakini kwa sharti kwamba ulipindue, cha nje kiingie ndani. Likipinduliwa mara tatu au nne, miezi mitatu hivi inatosha. Rundo lisilopata moto usiliamini, na usitie humo punje za chulebuni.

Mboji iwekwe kuzunguka mti chini ya ncha za matawi, palipo na mizizi inayofyonza chakula, isirundikwe shinani. Juu yake tandaza nyasi au mabua, ukiacha nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina. Matandazo yatauvusha mti kwenye kiangazi chetu cha Mei hadi Oktoba bila kuupukutisha majani. Majivu ya jikoni nayo yaende ardhini, kwa ajili ya potashi. Kuyanyunyiza majanini ukitumaini yataua kutu ni kuyapoteza.

8. Mrututu na chokaa: vitumie kwa hesabu

Dawa kongwe ya kuvu inayokubaliwa katika kilimohai ni mchanganyiko wa mrututu na chokaa. Mfaransa Millardet aliutangaza mwaka 1885 baada ya kuona unavyolinda mizabibu ya Bordeaux, na mpaka leo unafanya kazi kwenye kutu na chulebuni. Chokaa si ya kutafutwa mbali. Upande wa Songwe, panapopakana na Mbeya, mawe yake yamechimbwa kwa miaka mingi, na kiwanda cha saruji kilijengwa pale kwa sababu hiyo.

Kipimo cha kawaida ni kilo 1 ya mrututu na kilo 1 ya chokaa kwa lita 100 za maji. Yaani gramu 200 za kila kimoja kwa bomba la lita 20. Fanya hivi: yeyusha mrututu kwenye ndoo ya plastiki yenye nusu ya maji. Usitumie ndoo ya bati, maana mrututu hula chuma. Koroga chokaa mpya kwenye nusu nyingine ya maji, uichuje kwa kitambaa. Mimina maji ya mrututu ndani ya chokaa polepole huku ukikoroga. Kisha chovya msumari safi wa chuma kwa dakika moja: ukitoka na rangi ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo utaunguza majani. Tumia siku hiyo hiyo. Vaa glovu, miwani na mikono mirefu, pulizia chini ya majani ambako kutu huingilia, na usipulizie karibu na kuchuma.

Elewa pia dawa hii inachofanya. Inakaa juu ya jani na kukizuia kijimbegu kisiote. Kilichokwisha kuingia ndani haikigusi. Kwa hiyo huwekwa kabla ya mvua kubwa, na hurudiwa mvua zikiisafisha.

Kikomo ndicho watu wanachokisahau. Shaba iliyo ndani ya mrututu haiozi. Inabaki udongoni mwaka hadi mwaka, na ikizidi inaua minyoo ya ardhini na viumbe vinavyotengeneza rutuba. Ndiyo maana sheria za Umoja wa Ulaya, ambako kahawa nyingi ya kilimohai huuzwa, huruhusu kilo 28 tu za shaba kwa hekta katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Robo ya uzito wa mrututu ndiyo shaba. Piga hesabu kwa ekari moja: unapata kama kilo 6.4 za mrututu kwa mwaka mzima, sawa na mabomba 32 ya lita 20. Kwenye shamba lililosongamana, mabomba hayo yanaweza kwisha kwa raundi moja tu. Kwenye shamba lililopogolewa vizuri unapata raundi mbili, na dawa inafika ndani ya mti badala ya kuishia kwenye majani ya nje. Hapo utaona kwa nini nimeutanguliza mkasi.

Na neno moja zito kuhusu chulebuni: usianze kupulizia halafu ukaacha katikati ya msimu. Watafiti nchini Kenya, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922, walishaona mashamba yaliyopuliziwa mwanzoni na kuachwa yakiugua kuliko yasiyopuliziwa kabisa. Shaba huwaondoa pia vijidudu wema wanaoishi kwenye magome na kushindana na chulebuni. Ukiisimamisha, adui hukuta nyumba tupu. Kama fedha haitoshi kufikisha raundi mpaka punje zipite wiki ya 14, itumie kwenye kupogoa na kusafisha.

9. Dawa za jikoni: zipi ni kweli, zipi si kweli

Maziwa yaliyozimuliwa kwa maji husaidia kwenye ubwiriunga wa maboga na matango, ule unga mweupe juu ya majani. Magadi ya kuokea mikate nayo hupunguza ubwiriunga huo. Usiyatumainie kwa kutu ya kahawa wala chulebuni.

Utupa, mmea ambao wazee wetu wanaujua vizuri, unaua wadudu na samaki, kuvu hauigusi. Mwarobaini vivyo hivyo kazi yake kubwa ni kwa wadudu. Salfa inayopuliziwa mikorosho ya Mtwara ni ya ubwiriunga. Maji ya mboji ni chakula kizuri kwa miche kitaluni, na yaishie hapo.

Kuna rafiki mmoja ambaye hanunuliwi. Wakati mwingine ukiligeuza jani utakuta juu ya unga wa chungwa kumeota utando mweupe. Usiogope. Hiyo ni kuvu nyingine, Lecanicillium lecanii, inayoila kutu, na imechunguzwa sana Mexico na Ethiopia. Hustawi penye kivuli na unyevu wa kiasi, na shaba ikipuliziwa ovyo inaiua pamoja na adui. Ukiiona kwa wingi shambani, zuia bomba kwanza.

10. Kutu si moja

Maharage uliyopanda katikati ya mibuni yana kutu yake, mahindi yana ya kwao, na ukoka wa mbele ya nyumba una yake pia. Hazihamiani. Kwa hiyo usiyang'oe maharage kwa kuyashuku kwamba ndiyo yaliyoambukiza kahawa. Kama ukoka wa nyumbani au wa uwanja wa kanisa umeingia unga wa chungwa, kanuni ni ile ile ya maji: umwagilie asubuhi wala si jioni, usiukate mpaka chini kabisa, ondoa nyasi zilizokatwa, punguza matawi ya mti unaoutia kivuli, na utupie safu nyembamba ya mboji iliyochekechwa. Ukoka wenye chakula huikimbia kutu kwa kukua, na hauhitaji dawa.

11. Ukinunua Tunduma, soma lebo

Tunduma ni lango. Malori ya Zambia na Kongo hupita hapo usiku na mchana, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani na Nakonde kifunguliwe mwaka 2019 mizigo hupita haraka zaidi. Katika msongamano huo dawa za mimea nazo huuzwa, nyingine zikiwa zimefunguliwa na kupakiwa upya kwenye chupa za maji. Usizinunue hizo. Kifungashio kiwe na muhuri, jina la kiambato, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Maneno "ya asili" kwenye lebo hayatoshi. Kama kikundi chenu kina cheti cha kilimohai, mpelekee mkaguzi wenu wa ndani jina la dawa kabla ya kuifungua. Bomba liwe la kwako: la kuazima kwa jirani aliyepulizia kiua magugu jana linaweza kuharibu cheti cha kikundi kizima, na kwa mazao ya kudumu kama kahawa Umoja wa Ulaya hudai miaka 3 ya kuanza upya.

12. Fanyeni pamoja

Vijimbegu vya kutu havijui mpaka wa shamba. Shamba moja lililotelekezwa huwapelekea unga majirani wote wa upande unakoelekea upepo. AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, iliyoweza kupanga tarehe za kukusanya kahawa inaweza pia kupanga wiki ya kupogoa, na vijana wawili watatu wenye misumeno na mikasi wakaenda shamba hadi shamba kwa malipo, wakianza na yale ya wajane na wazee wasio na nguvu za kukata. Hiyo ni kinga ya kijiji kizima.

13. Panda mbuni wenye kinga

Hili lingeweza kuwa la kwanza, ila linachukua miaka. Mibuni ya zamani ya N39 na KP423, iliyochaguliwa Lyamungu mkoani Kilimanjaro, inatoa kahawa yenye ladha nzuri sana lakini haina kinga dhidi ya kutu wala chulebuni. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001, imetoa chotara za arabika zinazostahimili magonjwa yote mawili, na baadhi ya kinga hiyo imetokana na mseto wa arabika na robusta uliopatikana kisiwani Timor. Mkulima wa Songwe halazimiki kwenda Moshi. Kituo kidogo cha TaCRI kiko Mbimba, hapa hapa Mbozi.

Uliza huko aina inayofaa mwinuko wa kijiji chako, na uliza miche ya vikonyo badala ya kuotesha punje ulizookota chini ya mti, kwa maana watoto wa chotara hawamfuati mama kwa uhakika. Usiwe na haraka ya kung'oa shamba zima. Badilisha mstari mmoja mmoja, ukianza na sehemu za mabondeni ambako ukungu wa asubuhi hukaa muda mrefu. Aina yenye kinga haihitaji mrututu, lakini bado inahitaji mkasi na mboji, kwa maana kutu hubadilika, na nchi nyingine zimeshaona kinga ya mibuni yao ikipungua nguvu baada ya miaka.

Miche hupandwa mvua zikishakolea, na mashimo huchimbwa mapema ili udongo na mboji vikae pamoja kabla. Nenda Mbimba kiangazi hiki, au mtume katibu wa AMCOS yako, ili Desemba ikukute na miche mkononi.